Bima ya Lori Lililokufa

Kila ninapopanda gari, kabla sijamsalimu dereva, naangalia kona ya chini ya kioo cha mbele. Natafuta stika ya bima, kisha nasoma kama namba iliyoandikwa pale ndiyo namba ya gari lenyewe. Madereva wengine hudhani mimi ni askari aliyevaa kiraia. Mmoja kule Gulu alizima injini akaanza kutoa karatasi zake zote kabla sijafungua mdomo. Sijawahi kuwaeleza. Nimepanda magari mengi maishani, ya mizigo na ya abiria, mpaka Juba, mpaka Isiro, mpaka miji ya Kongo ambayo majina yake nimeyasahau lakini harufu ya samaki wake wa moshi naikumbuka, na katika yote hayo jicho langu limekuwa likienda kwenye kona ile kama linavyokwenda kwenye kovu la mtu unayemfahamu. Juma lililopita nilikuwa Arua, katika chumba nilichopanga nyuma ya soko, Rajabu aliponipigia simu. Hatukuwa tumezungumza tangu mfungo. Akasema, "Anguyo, Haboba amekwenda." Nikagundua kwamba mkono wangu umeshika mguu wa kushoto, chini ya goti, pale ambapo mfupa una nundu.

Haboba kwa Kinubi ni bibi. Hakuwa bibi yangu. Alikuwa mama wa mtu aliyenigonga na gari.

Nilikodi gari asubuhi iliyofuata, nikamwambia dereva kwamba tutarudi Arua jioni ileile. Ndivyo ninavyosafiri: kabla sijafika mahali, nimeshapanga kuondoka. Siku hizi Arua inaitwa jiji, na barabara ya Koboko ni lami, nyeusi, imenyooka mahali pengi ambapo zamani ilikuwa ikizunguka kila jiwe na kila kichuguu. Kona niliyogongewa haipo tena. Walipotengeneza barabara waliikata, na sasa ukiitafuta utaona tu kipande cha udongo mwekundu pembeni, kimeota nyasi, mbuzi wamefungwa hapo. Nilimwomba dereva apunguze mwendo. Akaniuliza, "Mzee, uko na shamba hapa?" Nikamwambia, "Nilimwaga maharagwe hapa." Akacheka kidogo, kwa adabu, akaongeza mwendo.

Lakini nilimwaga kweli. Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilikuwa na mpango mmoja tu, kuondoka. Nilikuwa nimeshapatana na dereva wa lori la kwenda Sudan anichukue kama msaidizi wake, na baba mdogo, Ondoga, ambaye nilikuwa nikiishi kwake Ayivu, alikubali kwa shingo upande, ila kwanza nipeleke gunia la mwisho la maharagwe kwa mnunuzi aliyekuwa kwenye barabara hiyo. Nilikuwa juu ya baiskeli, gunia nyuma, naimba. Sikuliona gari. Niliona vumbi likija, na ndani ya vumbi nikasikia honi, kisha nikawa chini na maharagwe yakiniangukia usoni kama mvua ya mawe. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa umelala upande ambao mguu haulali. Ilikuwa pikapu ya vitunguu kutoka Koboko. Dereva alitoka, kijana mrefu mwenye kofia ya kufuma, akanipakata kichwa akaanza kulia na kuomba dua kwa sauti. Kila mtu anayejua barabara zetu anajua dereva aliyegonga mtu hufanya nini: hukimbilia polisi kabla watu hawajakusanyika na fimbo. Yule hakukimbia. Watu walipofika na kumkuta analia kuliko mimi, walidhani ni ndugu yangu. Mmoja akamwinamia akamuuliza, "Dereva iko wapi?" Naye, bila kuinua kichwa, akanyoosha mkono kuelekea shamba la mtama. Wakaingia mtamani wote na fimbo zao. Wakati wanapekua mtama, dereva huyo, Rajabu, alinibeba, akanilaza juu ya magunia ya vitunguu, akaendesha mpaka hospitali ya Arua. Njia nzima alikuwa akigeuka kuniangalia kupitia dirisha dogo la nyuma, nami nilikuwa nikimwambia, "Angalia mbele, ndugu. Angalia mbele."

Wodi ilikuwa imejaa, wakanilaza kwenye baraza, na pikapu ilikuwa imesimama hatua chache tu kutoka kitandani, kwa hiyo maneno ya askari niliyasikia yote, mimi na wagonjwa wenzangu. Askari alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye meno yenye mwanya. Alilizunguka gari polepole.

"Hii gari iko na bima?"

"Iko, afande," Rajabu akasema. "Iko hapo kwa kioo."

Askari akainama, akasoma, akaenda kusoma namba ya gari mbele, akarudi kwenye kioo. "Hii bima ni ya lori."

Rajabu akavua kofia yake ya kufuma.

"Nakuuliza. Wewe unaona hii ni lori?"

"Lori ilikufa, afande."

"Sasa?"

"Lori ilikufa, lakini bima yake ilikuwa bado nzima. Nikaona itapotea bure."

Baraza zima lilicheka. Mzee mmoja aliyekuwa na henia alilia kwa kicheko na maumivu. Hata mimi nilicheka, na mguu ukanikumbusha mahali nilipo. Askari hakucheka, lakini nilimwona akigeukia ukuta kwa muda kabla ya kumfunga Rajabu pingu. Lori lilikuwa la marehemu baba yake. Lilipokufa, Rajabu alibandua stika kwa wembe na maji ya moto, taratibu, ikatoka bila kuchanika, akaibandika kwenye pikapu. Kwake halikuwa kosa. Kama mtu amekufa na viatu vyake vizima, je, viatu vinazikwa?

Haboba alikuja kesho yake. Alikuwa mfupi, mweusi sana, amevaa gauni la maua na mtandio wa njano, na alibeba kikapu kilichofunikwa na kifuniko cha ukindu cha rangi, kama vile wanavyosuka wanawake wa Kinubi. Hakumwendea mtoto wake polisi kwanza. Alikuja kwangu. Akafunua kikapu, akanilisha kwa mkono wake uji wa mtama uliotiwa ndimu, bila kuniuliza jina, na nilipomaliza akakaa chini kwenye sakafu kumsubiri baba mdogo. Baba mdogo Ondoga alikuwa mtu wa maneno machache, na siku ile alikuja akiwa ameyapunguza zaidi. Alitaka kesi. Gari bila bima, mtoto mwenye mguu uliovunjika mara mbili, daktari ambaye hakutaka kuahidi kitu. Haboba alimsikiliza mpaka mwisho.

"Karatasi ya bima sisi hapana," akasema. "Nyumba iko. Nipe mgonjwa."

Kwa msomaji wa mbali nieleze. Huku kwetu, kabla ya stika za kioo na mpaka leo kwa watu wengi, aliyekuvunja ndiye anayekulisha. Anakuchukua kwake, unalala kwake, unakula anachokula, mpaka utembee. Siku utakapotembea, mwenye nyumba anaushika mguu mbele ya watu wa pande zote mbili, anasema kwa mdomo wake kwamba umepona, mnakula sahani moja, na jambo linakwisha. Baba mdogo aliijua desturi hiyo kama alivyoijua Haboba. Akaangalia wanawake waliokuwa wakifua kwenye nyasi za hospitali. Kisha akasema kwa Kiswahili chake kigumu, "Mguu ikipona, tutakula. Mguu ikikatwa, mtoto wako ataenda jela, na mimi nitafunga mlango mwenyewe." Askari mwenye mwanya akakubali kuliweka faili kabatini na kumwachia Rajabu kwa dhamana ya wazee, kwa sharti kwamba asiguse usukani mpaka jambo liishe. Kwa hiyo nilitolewa hospitali nikiwa na mguu wa plasta mzito kama mtungi, nikapelekwa Koboko, na juu ya mguu ule ulikuwa umekaa uhuru wa mtu mwingine.

Nimelala katika vyumba vingi tangu hapo, na vingi vimechanganyika kichwani. Hicho hakijachanganyika. Kilikuwa chumba cha mwisho upande wa kulia wa ua, kuta zimepakwa chokaa ya kijani hadi kifuani, juu nyeupe. Kitanda cha kamba. Sanduku la bati la marehemu mzee, lenye picha ya simba. Na dirisha lake lilikuwa kioo cha mbele cha lori. Lori lenyewe lilikuwa nyuma ya nyumba, limekalia vyuma vyake, kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva. Lakini kioo kilikuwa kizima, na Haboba, mtu asiyetupa kitu, alimwita fundi akakijenga ukutani, kimelala kwa upana, kikubwa kuliko mlango. Kila asubuhi niliamka nikiwa kama dereva wa nyumba: mbele yangu ua wote, jiko, kamba ya nguo, mlango wa barabarani, na minara miwili ya msikiti. Kwenye kona ya chini ya kioo kulikuwa na alama ya mraba, gundi kavu, mahali stika ilipobanduliwa. Nilikuwa nikiitazama alama ile wakati jua linapanda. Saa zingine nzi alitua katikati yake kama mhuri.

Kutoka kitandani nilijifunza nyumba kwa masikio. Niliujua mlio wa pasi ya mkaa ya Rajabu, ambaye hakuwa na usukani tena na alikuwa akisukuma toroli la vitunguu sokoni, lakini kila asubuhi alipiga pasi shati lake la udereva. Nilimjua mkewe, Zubeda, kwa ulimi wake. Alikuwa ameolewa kutoka Ariwara, ng'ambo ya mpaka, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kongo. Alikuwa akiniletea sahani akisimama mlangoni.

"Mgonjwa, umelala?"

"Sijalala, shemeji."

"Mimi naona mutu amelala siku nzima, halafu anakula kama mutu amelima."

"Mguu ndio unakula, shemeji. Mimi naonja tu."

"Basi mwambie mguu apunguze. Bamia imeisha."

Hakuna aliyeniita jina langu katika nyumba ile. Nilikuwa Mgonjwa. Watoto wa jirani walikuja kuchungulia kwenye kioo, "Mgonjwa, shikamoo," wakakimbia. Na chakula chenyewe, hata leo nikiwa katika hoteli yenye kitambaa mezani, ndicho ninachopimia vyakula vingine. Kisra, mkate mwembamba wa mtama kama karatasi, Haboba akiukwangua juu ya bamba la moto kwa kipande cha jani gumu. Mchuzi wa bamia kavu iliyotwangwa, unaovutika kama uzi. Asubuhi chai ya tangawizi na gurusa, vichapati laini vya ngano, zilizopakwa asali. Mimi nilikuwa nimelelewa kwa enya, ugali wetu wa muhogo na mtama, mzito, wa kushika kwa mkono mzima. Siku ya kwanza kisra iliniyeyukia mdomoni nikadhani bado chakula kinakuja. Mwanamke wa jirani, aliyekuja kusuka na Haboba uani, alimuuliza bila kupunguza sauti, "Huyo Mlugbara yenu anakula kisra?" Haboba akajibu, "Anakula mpaka sahani inaona haya." Wakacheka. Baada ya muda nikasikia jirani anasema kwa sauti ya chini, lakini kioo cha lori hakikuwa kimezibwa vizuri pembeni, "Na mguu ikikataa?" Ukindu ukasimama kusukwa. "Mguu ya mtoto haiwezi kukataa," Haboba akasema. Lakini usiku ule, kwenye swala, alisujudu muda mrefu kuliko kawaida.

Kila Ijumaa, baada ya swala ya mchana, alikuja na kigoda na kikombe cha mafuta ya simsim, yaani ufuta, yaliyopashwa moto. Plasta ilipotolewa mguu ulikuwa mwembamba kama wa ndege, rangi ya majivu, na juu ya muundi kidonda kilichokuwa hakijafunga. Alipaka mafuta pembeni ya kidonda, akabonyeza mfupa kwa kidole gumba, polepole, kutoka goti mpaka kifundo, amefumba macho. Rajabu alisimama mlangoni na shati lake lililonyooka. Haboba akafumbua macho. "Bado," akasema. Akaondoka na kigoda chake. Rajabu akabaki mlangoni kidogo, akikwangua chokaa ya ukuta kwa ukucha, kisha akarudi kwenye toroli.

Wakati wa mvua kubwa mguu ulikataa. Ulianza kwa joto, kisha ukavimba, kisha ukaanza kunuka, na Zubeda aliacha kunitania, jambo lililonitisha kuliko harufu. Mganga wa zahanati alifungua kitambaa, akafunga tena, akasema kwa upole kwamba nipelekwe Arua leo hii; tukingoja kesho watakata. Nilikuwa na homa, lakini nakumbuka sura ya Rajabu aliposikia neno lile. Haikuwa sura ya mtu anayefikiria jela. Alikuwa akiangalia mguu wangu kama mtu anavyoangalia mtoto wake akivuka barabara. Magari ya abiria hayakuwa yakienda. Barabara ilikuwa imekatika sehemu mbili. Rajabu alitoka, akarudi na pikapu ya mwenye duka mmoja, akiwa ameshika usukani aliokatazwa. Haboba alipanda nyuma pamoja nami chini ya turubai, kichwa changu mapajani mwake, mguu juu ya begi la nguo, na tukaingia kwenye matope. Mahali pengine watu walitusukuma. Mahali pengine gari lilikwenda kwa ubavu kama kaa. Njia nzima, kila gari liliporuka, Haboba alisema "Bismillahi" na kunishika masikio, kana kwamba ningeumia kwa kusikia.

Kabla ya Arua kulikuwa na kizuizi cha polisi. Nilisikia gari likisimama, na kwa nafasi ya turubai nikaona mtu mnene katika koti la mvua. Alikuwa yuleyule mwenye mwanya.

"Rajabu."

"Ndiyo, afande."

"Mimi nilikwambia nini juu ya usukani?"

"Ulisema nisiguse."

"Na hii gari iko na bima?"

Mvua ikipiga turubai. Najua alichokuwa akipima askari yule, na Rajabu alijua pia: faili kabatini, dhamana ya wazee, na sasa mtu ameshikwa mikono juu ya usukani. Rajabu akasema, "Bima yangu iko huko nyuma, afande. Imelala. Kama ikikatwa, mimi nimekwisha."

Askari akaja nyuma, akainua turubai. Akamwona Haboba. Akauona mguu, na nadhani aliunusa, kwa sababu aligeuza uso. "Shikamoo, mama," akasema. Haboba akaitikia. Askari akashusha turubai taratibu, akalibana kwenye ndoano ili mvua isituingie, kisha nikasikia mti wa kizuizi ukiinuliwa.

Hawakukata. Walifungua, wakakwangua, wakasafisha, na daktari akasema tungechelewa kidogo tu yangekuwa mengine. Rajabu alilala chini ya kitanda changu muda wote nilipokuwa pale, na kila nilipozinduka niliona kiganja chake kimetoka chini ya kitanda kama cha mtu anayeomba lifti. Baba mdogo alikuja, akamkuta hapo chini amelala, akamwangalia, akatandaza koti lake mwenyewe juu ya miguu yake. Rajabu alipoamka, waliondoka pamoja kwenda kunitafutia chai.

Tuliporudi Koboko msimu ulikuwa umegeuka na mguu ulianza kutii. Kwanza kwa magongo mawili, kisha moja, kisha kwa kushika kuta, na mwisho nilikuwa nikienda sokoni kumsaidia Rajabu na toroli, tukirudi tumechafuka, tukigombania maji ya kunawa. Nilijifunza Kinubi cha matusi kutoka kwa watoto na cha adabu kutoka kwa Haboba. Nilijifunza kukaa. Hilo silisemi kwa wepesi, kwa sababu sikulijua kabla na sijaliweza tena baadaye: kukaa mahali mpaka ujue mlango upi unalia, kuku yupi anatagia wapi, na kikohozi cha nani kinamaanisha nini. Na kila Ijumaa kigoda, mafuta, kidole gumba. "Bado."

Rajabu alianza kuchoka. Alasiri moja nilikuwa nimejilaza, yeye na mama yake wakiwa jikoni, na ile nafasi ya pembeni ya kioo ikaniletea maneno yote.

"Mama, anatembea."

"Na mbuzi mgonjwa anatembea."

"Anasukuma toroli na mimi, mama. Jana alicheza mpira. Aliniangusha. Sema tu amepona. Faili iko pale Arua, mimi nikiona koti ya polisi natoka jasho. Neno moja tu, mama, mimi nirudi kwa usukani."

Nilisikia kijiko kikigonga ukingo wa sufuria. "Huyo iko na miguu ya upepo," Haboba akasema. "Nikisema amepona, ataenda. Akienda, wewe unafikiri atarudi? Wewe ulimwangusha njiani, Mungu akamleta hapa. Mimi bado sijamaliza."

"Hujamaliza nini?"

Hakujibu. Au alijibu na kuku wakalifunika jibu. Nimejaribu mara nyingi, nikiwa nimekaa juu ya mizigo katika nchi za watu, kulimalizia jibu lile. Nilibaki nimelala, nikiangalia alama ya mraba kwenye kioo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilitamani mtu mwingine aamue.

Aliyeamua ni baba mdogo. Alikuja bila taarifa, na wazee wawili na jogoo mikononi, akanikuta juu ya paa la jiko nikibadilisha bati. Alisimama uani akiangalia juu. "Shuka," akasema. Nikashuka, kwa kuruka hatua ya mwisho, kijana mjinga niliyekuwa. Baba mdogo akatazama miguu yangu miwili ilivyotua chini, akamgeukia Haboba. "Mama Rajabu, mimi nimeona. Mguu hii imepona. Mimi sina neno. Tule." Zubeda akamchukua jogoo. Tulikula, wote, sahani moja pana, kisra chini na mchuzi juu, na enya aliyoileta baba mdogo imefungwa kwenye majani, Walugbara na Wanubi, mikono ikigongana. Siku chache baadaye askari mwenye mwanya alifunga faili, na Rajabu akarudi kwenye usukani, safari hii gari la mtu aliyekuwa na karatasi zake. Siku ile ya jogoo Haboba alikula na sisi, akatugawia nyama, akamkaribisha baba mdogo kwa heshima zote. Lakini desturi inataka mwenye nyumba aushike mguu na kulisema neno kwa mdomo wake. Wazee walimtazama. Yeye akainuka kwenda kuchemsha kahawa. Walidhani amesahau, au kwamba baada ya jogoo kuliwa hakukuwa na haja.

Niliondoka juma lilelile, juu ya lori la kwenda Sudan. Nilimuaga Haboba asubuhi akiwa uani anasuka. Alinipa gurusa zilizofungwa kwenye kitambaa. "Ukitoka, funga mlango," akasema. "Kuku wataingia barabarani." Nikaufunga.

Nilirudi kumwona, ndiyo, mara kadhaa, kila mara nikipita kwenda kwingine, gari likinisubiri nje. Kila mara aliangalia mguu, akanilisha, hakusema kitu. Na mara hii nilikuja kwenye matanga yake, gari likinisubiri nje. Ua ulikuwa umejaa mikeka na wanawake, dua ilikuwa imekwisha, na mtoto ambaye hajawahi kuniona maishani mwake alinitazama nikichechemea mlangoni, akakimbia ndani akisema, "Mgonjwa wa Haboba amekuja." Rajabu akatoka. Ndevu zimekuwa nyeupe, mgongo umeanza kuinama. Tulishikana muda mrefu. Pembeni ya mlango kulikuwa na gari lake mwenyewe, dogo, la kijivu, na kabla sijajizuia jicho langu lilikuwa limeshakwenda kwenye kona ya kioo. Rajabu akaona. "Soma vizuri," akasema. "Ni ya gari hii hii." Tukacheka, tukaona haya kucheka matangani, tukacheka tena.

Akanipeleka kwenye chumba cha mwisho upande wa kulia. Chokaa sasa ni ya bluu. Sanduku la simba lipo. Kioo kipo, kina ufa mmoja mrefu, na kwenye kona ya chini mraba wa gundi umekuwa wa kahawia kama chai. Haboba alikataza usikwanguliwe, Rajabu akasema; alikuwa akilala humu miaka ya mwisho. Tukakaa kitandani. Tulizungumza juu ya baba mdogo Ondoga, ambaye naye hayupo, na juu ya mvua ile, na askari wa mwanya. Nje dereva wangu akapiga honi. Nikasema, "Ndugu yangu, jioni inaingia, mimi niwahi." Rajabu akainuka. Alitoka akarudi na kigoda na kikombe. Nikausikia mnuko wa simsim kabla hajakaa.

"Kunja suruali."

Nikakunja. Alipaka mafuta, akafumba macho, akabonyeza kwa kidole gumba kutoka goti mpaka kifundo, polepole, akasimama kidogo kwenye nundu, akaendelea. Zubeda alikuwa amesimama mlangoni, mnene sasa, mtandio mweusi kichwani, na kwa mara nyingine hakuwa na utani. Rajabu akafumbua macho.

"Bado," akasema.

Dereva akapiga honi mara ya pili. Nikamwita yule mtoto, aliyekuwa akichungulia kwenye kioo, nikamwambia amwendee dereva nje amwambie aende zake.